Jicho la Pimamaji

Sehemu ya sita

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hujalisoma, nitakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni fundi vigae. Nina miaka thelathini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo nimeimalizia magotini, kwenye sakafu za watu. Wenzangu waliniita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa chenye povu sikukihitaji, wala kamba. Nilikuwa napiga goti, nafumba jicho la kushoto, nachungulia kwa la kulia, nasema, "Cha tatu kimetoka unene wa ukucha." Wakipima, wanakuta ukucha.

Kisha shingo yangu ikaota vipele vya manjano, ngozi ikalegea, ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Wenzangu wakaliacha jina la Pimamaji, wakaniita Kuku. Nikapaka krimu niliyoazima kwa dada yangu. Nikavaa kola ndefu. Mambo yaliponifika shingoni, mahali ambapo tayari palikuwa na shida zake, nikaenda kwa daktari wa ngozi, mama mmoja asiyecheka. Akachukua kinyama cha shingo, akakiangalia kwenye hadubini, akanipa majibu: zile nyuzi zinazovuta ngozi na kuirudisha mahali pake, zangu zimeshika chokaa.

Nikamwambia ni kazi, maana nimeshika saruji maisha yangu yote. Akasema saruji haihusiki. Nimezaliwa nayo, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na wao wenyewe hawakujua. Akaniandikia barua niende kwa daktari wa macho.

"Macho na shingo wapi na wapi?" nikauliza.

"Nenda," akasema.

Sikwenda. Nilikuwa na sakafu.

Sakafu yenyewe ni ya Mama Mfamasia, anayejenga kliniki. Ukumbi wa kusubiria wagonjwa, vigae vyeusi na vyeupe vinavyopishana. Ijumaa ile, wakati mimi nimefuata majibu ya shingo, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, aliweka safu kumi na nne peke yake. Niliporudi nikapiga goti, nikafumba la kushoto, nikaona safu zote zimebenuka katikati kama zina mimba. Nikasema hivyo mbele ya Mama Mfamasia na mafundi wote. Shemeji akavuta kamba. Nikasema kamba imelegea. Akauacha mwiko wake kwenye ndoo, akatoka bila kuaga.

Hapo ndipo niliishia wiki jana, na baadhi yenu mmeniandikia kunipongeza kwa msimamo wangu. Naomba mje mzichukue pongezi zenu.

Jumatatu nilikwenda duka la vifaa kununua rula ya alumini, ile ya mita mbili, ili nimwonyeshe shemeji kwa ushahidi. Nikaiinua pale mlangoni, nikafumba jicho, nikachungulia.

"Hii imepinda," nikamwambia muuzaji.

"Nimeitoa kwenye boksi sasa hivi."

"Basi imepindia humohumo kwenye boksi."

Akanipa ya pili. Imepinda. Akanipa ya tatu, akaniangalia kwanza shingo, halafu uso.

"Fundi, na hiyo?"

"Na hii. Tena palepale, katikati."

"Zote tatu zimepinda palepale?"

"Ndiyo maana nakwambia tatizo ni kiwanda."

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza maswali mawili matatu. Mimi niliondoka nikijisemea kwamba siku hizi hakuna kitu cha maana kinachotengenezwa.

Jumanne Mama Mfamasia aliniita ukumbini. Alizunguka zile safu kumi na nne, mikono nyuma.

"Una hakika, fundi? Mbona mimi naziona zimenyooka?"

"Mama, wewe jicho lako ni la vidonge. La vigae ni hili."

Nilipenda sana nilivyolijibu lile swali. Njia nzima nilikuwa nikilirudia jibu langu.

Akasema kama ni hivyo, Alhamisi saa tatu asubuhi wataletwa watu wa nyundo, zing'olewe zote. Kisha akaniuliza kama huyu shemeji yangu aliwahi kuharibu kazi siku za nyuma, kwa sababu mwalimu mkuu wa shule ya jirani amempa madarasa matatu ayawekee vigae, na yeye mwalimu ni rafiki yake, hawezi kumwacha aingie shimoni.

Hayo madarasa nilikuwa nayajua. Ilikuwa kazi ya kwanza shemeji kuipata kwa jina lake mwenyewe, bila kuitwa "yule anayefanya kazi na Kuku." Alikuwa amemwambia mke wake kabla ya kuniambia mimi, na mke wake akaimba siku mbili.

Nikasema, "Mama, hata nyumbani kwake. Dada yangu analalamika kila siku. Rafu ya vyombo tu imemshinda. Kaifunga na kuifungua mara nne, na bado iko upande."

Maneno hayo dada alinipa kwa kucheka, tukinywa chai. Mimi nikayatoa kama shahidi aliyeapishwa. Mama Mfamasia akapiga simu palepale. Ilipofika saa sita mchana shemeji hakuwa tena na madarasa.

Nawaambia haya ili mjue mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Jumatano asubuhi mke wangu alikuwa anafua. Akaja na suruali yangu mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Baba watoto, hii barua ni ya Ijumaa."

"Nina sakafu."

"Sakafu inabomolewa kesho. Leo huna sakafu. Vaa viatu."

Nikavaa.

Daktari wa macho alikuwa mtu mtaratibu, mwenye sauti ya kusomea matangazo ya misiba. Alinitia matone, akanimulika, akaandika. Kisha akanipa karatasi moja ngumu. Ilikuwa na miraba midogo, mistari myeusi kwenye nyeupe, na nukta katikati.

"Fumba jicho moja, utazame nukta, halafu uniambie unaona nini."

Nikafumba la kushoto, kama kawaida yangu.

"Naona kazi mbovu," nikasema.

"Kivipi?"

"Aliyepanga hivi vigae si fundi. Huku pembeni kajitahidi, sikatai. Alipofika katikati mistari ikamshinda, ikabenuka. Halafu hapa karibu na nukta kaacha uchafu, pana kivuli. Mimi ningeng'oa yote nianze upya."

Mke wangu akanikanyaga mguu.

Daktari akaandika tena, maneno mengi kuliko niliyosema. "Sasa fungua hilo, ufumbe la kulia."

Nikajaribu. Kope ilikataa kidogo. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nililifumba jicho la kulia peke yake. Halijawahi kuwa na sababu ya kufumbwa.

Miraba ikanyooka. Yote, kuanzia pembeni mpaka kwenye nukta, kama nimeipanga mimi nikiwa na miaka ishirini na tano.

"Umebadilisha karatasi," nikamwambia.

"Sijaigusa. Unayo mkononi."

Nikafumba hili, nikafungua lile. Nikafumba lile, nikafungua hili. Karatasi ikawa inabenuka na kunyooka, inabenuka na kunyooka, na mimi nimeishika kwa mikono yangu miwili.

"Nani kaipanga?" nikauliza, maana sikuwa na swali jingine.

"Haikupangwa na mtu, fundi. Imechapwa na mashine."

Akanieleza polepole. Nyuma ya jicho kuna tabaka jembamba lenye nyuzi zilezile za shingoni. La kwangu limeshika chokaa, likapasuka nyufa. Kwenye nyufa mishipa imepenya, inavuja, na juu yake pameinuka. Hilo nililielewa upesi kuliko alivyotegemea. Unyevu ukiingia chini ya kigae, kigae kinapanda.

"Kuna dawa ya sindano," akasema. "Tunachoma ndani ya jicho. Inazuia lisiendelee. Kulinyoosha siwezi kukuahidi. Ukichelewa, hapo katikati patakuwa giza. Na hilo la kushoto nalo lina nyufa, ila bado halijavuja."

"Mbona sikujua? Natembea, nasoma, sijikwai."

"Macho husaidiana. Ukiyafungua yote, zima linaficha kasoro za bovu." Akasita. "Kazini unatazamaje?"

Nikamwonyesha. Goti moja chini, la kushoto nikafumba.

Daktari akalitazama lile nililolifumba, kisha akamtazama mke wangu. Nilibaki pale sakafuni, ambayo kwa taarifa yenu ilikuwa imewekwa vizuri. Kila nilipotaka kuona sawasawa, nilikuwa nalifumba jicho zima na kuliuliza lile bovu.

Akatupangia sindano ya kwanza Jumamosi. Akanipa ile karatasi niibandike ukutani, niitazame kila asubuhi jicho kwa jicho. Tulipokuwa mlangoni akauliza, "Una ndugu wa tumbo moja?"

"Ninaye dada mmoja."

"Aje naye apimwe. Usicheleweshe."

Nikaitikia, "Sawa, daktari." Lakini kichwani mwangu saa ile hapakuwa na dada. Palikuwa na shemeji na kamba yake.

Nyumbani mke wangu aliniwekea chai, akakaa mbele yangu.

"Unamwambia lini?"

"Nani?"

"Usijitie hamnazo."

Nikamwambia kilichokuwa kinanisumbua. Nikisema ukweli, basi. Fundi vigae asiyeuona mstari ni nani? Nani atamwita? Mimi sina kazi nyingine ninayoijua, hata kuuza maji sijui.

"Na usiposema," akaniuliza, "shemeji yako atakuwa nani?"

Ningependa kuwaandikia kwamba niliinuka palepale. Sikuinuka. Jioni nzima nilipiga hesabu zangu: yule bado kijana, watu watasahau, ataanza upya mtaa mwingine. Mimi nina jina moja tu. Nilikuwa tayari kumwacha alichukue doa langu, na niliona aibu, na bado nilikuwa tayari. Kilichonishinda ni zile safu kumi na nne. Kazi safi kama ile, inapigwa nyundo kwa sababu yangu. Kwa fundi hilo halimezeki.

Alhamisi saa tatu kasorobo nilikuwa ukumbini. Watu wa nyundo walikuwa watatu, na mkubwa wao ameshavua shati.

"Simameni," nikasema. "Mama, sakafu haina tatizo. Tatizo ni jicho langu. Nimepimwa jana."

Mama Mfamasia akanitazama kwa huruma iliyonipa moyo. Moyo ulikuwa wa bure.

"Fundi, una utu," akasema. "Unamfunika mume wa dada yako. Nakuheshimu kwa hilo. Lakini kazi ni kazi."

"Simfuniki, mama. Naona vibaya."

"Juzi uliona vizuri."

"Juzi ndiyo niliona vibaya!"

Mwenye nyundo akatikisa kichwa. "Mama, mimi namjua huyu miaka kumi. Kuku akisema kigae kimepinda, kimepinda."

Jina nililolijenga miaka kumi na tisa, na asubuhi ile nilipotaka kulibomoa halikukubali.

Nikaomba vigae tisa na gundi. Nikawaambia nitaweka safu moja hapo mbele yao, pembeni ya safu za shemeji, sehemu ambayo bado iko tupu. Bila kamba, bila rula, bila vile vimsalaba vya plastiki vya kutenganisha vigae. Nikapiga goti, nikafumba la kushoto.

Nawaambieni kweli tupu, sijawahi kuweka safu tamu kama ile. Kila kigae kilikwenda mahali pake. Kila nilipochungulia niliona mstari umekatwa kwa wembe. Nilipofika cha sita moyo ukaanza kunidanganya kwamba labda daktari amekosea, labda ile karatasi ilikuwa mbovu kweli. Cha tisa nikakigonga kwa nyundo ya mpira, na nikajikuta natabasamu.

"Haya," nikasema, jicho bado nimelifumba. "Vuteni kamba."

Hakuna aliyevuta kamba.

Nikafungua macho yote mawili.

Haikuhitaji kamba. Mtoto wa chekechea angeiona. Safu ilianza vizuri, ikafika cha nne ikaingia ndani kama imepigwa teke tumboni, halafu ikarudi. Mama Mfamasia alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwenye nyundo alikuwa anavaa shati.

"Pole sana, fundi," akasema.

Kila siku ananiita Kuku, na siku hiyo akaniita fundi. Hilo liliniuma kuliko safu.

Niliving'oa vile tisa mwenyewe, gundi ikiwa bado mbichi, nikavifuta kimoja kimoja. Mama Mfamasia akampigia simu mwalimu mkuu mbele yangu, akamweleza, akasikiliza, akakata.

"Anasema sawa. Lakini kuna fundi mwingine anakuja saa nane. Shemeji yako awahi kabla ya hapo."

Kuhusu mimi hakusema lolote, na mimi sikuuliza. Nikauchukua mwiko wa shemeji kwenye ndoo, nikauosha mpaka ukang'aa, nikaondoka.

Shemeji nilimkuta ameketi mlangoni kwake. Hakuinuka.

"Shemeji," nikasema.

"Shemeji."

"Nimekuja."

"Nakuona."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Jicho, chokaa, nyufa, rula tatu, vigae tisa. Madarasa yake pia, na mdomo gani uliomnyang'anya. Alisikiliza akitazama miguu yangu. Nilipomaliza akasema:

"Kwa hiyo kamba haikulegea."

"Haikulegea."

"Sema tena."

"Kamba haikulegea, shemeji. Nisamehe."

Akanyoosha mkono, nikampa mwiko. Akaugeuza, akaona ulivyooshwa. Kisha akainuka.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa sita na nusu. Mwalimu mkuu anakungoja kabla ya saa nane."

"Nitawahi. Lakini kwanza njoo ndani. Ile rafu uliyomwambia Mama Mfamasia, nataka uione kwa hilo jicho lako zima."

Nikaona ni haki yake. Tukaingia jikoni.

Nikafumba la kulia, nikaitazama rafu kwa la kushoto. Nikafungua yote mawili, nikaitazama tena. Ilikuwa imenyooka. Fundi seremala wa kusomea asingeifunga vizuri zaidi. Chini yake ukutani kulikuwa na madoa ya plasta, mawili mawili, mahali ambapo misumari ilikuwa imechomolewa na kuzibwa.

"Mara nne," akasema shemeji. "Na leo asubuhi kaniambia niifungue tena. Rula inasema sawa, pimamaji inasema sawa. Yeye anasema imebenuka."

"Imebenuka wapi?"

"Katikati. Kila siku palepale, katikati."

Nikaegemea ukuta.

Dada akaingia kutoka uani na beseni la vyombo. Shingo ameizungushia mtandio, na jua lote lile la mchana. Nikaikumbuka ile krimu aliyoniazima. Ilikuwa imebaki nusu, na sikuwahi kumwuliza yeye aliinunulia nini.

"Kaka!" akasema, akaweka beseni chini. "Afadhali umekuja. Mwambie huyu mume wangu ukweli, wewe ndiye unajua. Hebu fumba jicho uone mwenyewe ile rafu ilivyo." Akafumba la kwake la kushoto kunionyesha, vilevile ninavyofumba mimi. Marehemu mama alitufundisha sote wawili siku moja, tukitunga uzi kwenye sindano.

Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na ile karatasi ya daktari, ambayo nilikuwa bado sijaibandika ukutani.

"Ya nini hiyo?"

"Itazame tu, mdogo wangu. Hapo kwenye nukta."

Akaifuta mikono yake kwenye nguo, akaipokea, akainyoosha mbali na uso. Lile la kushoto bado amelifumba. Akaitazama kwa muda, akaingiza kichwa mbele kidogo, akarudi nyuma. Kisha akamgeukia mumewe, akatingisha karatasi.

"Na hii nayo, iliyobenuka hivi, ni kazi yako?"

Shemeji akaangua kicheko, cha kwanza tangu Ijumaa, akanigeukia ili tucheke wote.